Nani alimpima ng'ombe wetu?

Uzi mrefu leo. Tafuta chai kwanza.

Kila msimu wa siasa ukikaribia, ng'ombe hurudi jukwaani. Upande mmoja utasikia: "Wazungu wamejenga viwanda vyao, sasa wanataka kutunyang'anya mifugo kwa kisingizio cha tabianchi." Upande wa pili, mara nyingi kwenye kongamano la hotelini, lile la chupa za maji na vitambaa vyeupe mezani, utasikia: "Wafugaji ndio wachafuzi wakubwa wa hewa nchini." Wote wawili hutaja namba. Wote wawili hupigiwa makofi. Hakuna anayeulizwa hiyo namba ameitoa wapi.

Mimi nasoma sayansi ya siasa, si ya mifugo. Kwa hivyo nitaifuata namba vile tunavyofundishwa kufuata sheria au bajeti: nani aliiandika, lini, kwa pesa za nani, na ilimfaa nani. Wanasiasa na vyama sitavitaja, mnajua kanuni za hapa.

Sayansi kidogo tu, halafu tuendelee. Ng'ombe hula nyasi ambazo wewe na mimi hatuwezi kuzimeng'enya. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu vinavyoishi kwenye chumba cha kwanza cha tumbo lake, na baadhi yao hutoa gesi ya methani. Inatoka kwa mdomo, ng'ombe akipiga mbweu, si kwa nyuma kama vile meme zinadai. Methani haikai sana angani, kama miaka 12 hivi, lakini ikiwa huko inashika joto vibaya. Kilo kwa kilo, ukihesabu kwa miaka 100 ina nguvu karibu mara 28 ya hewa ya ukaa. Ukihesabu kwa miaka 20, karibu mara 80. Ona tayari: gesi ni ile ile, namba ni mbili, na zote ni kweli. Samadi na mbolea nazo hutoa oksidi ya nitrasi, ambayo ni zaidi ya mara 260.

Sasa, kabla hujawacheka wale wa "wanataka ng'ombe wetu", turudi 1938.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imeamua kwamba Ukambani kuna ng'ombe wengi kupita kiasi. Wataalamu waliangalia makorongo ya Machakos, udongo ukisombwa na mvua, wakasema dawa ni kupunguza mifugo kwa lazima. Ukiangalia pembeni kidogo unaona kitu kingine: kampuni ya Liebig ilikuwa inafungua kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda kinataka ng'ombe wa bei rahisi. Na ardhi nzuri ya malisho ilikuwa imeshatengewa masetla, kwa hivyo Wakamba walikuwa wamebanwa mahali padogo halafu wanaambiwa mifugo yao imejaa. Ng'ombe wakaanza kukamatwa na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa.

Wakamba, wanaume kwa wanawake, wakatembea hadi Nairobi kumwona Gavana. Wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa. Kiongozi wao akakamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Leo barabara moja katikati ya Nairobi ina jina lake, na wengi wetu huipita tukienda sokoni bila kujua hiyo hadithi. Kabla mwaka kuisha, serikali ikaachana na kupunguza mifugo kwa lazima.

Kuna sehemu ya pili ambayo haisimuliwi sana. Miaka ya 1990 watafiti watatu, Tiffen, Mortimore na Gichuki, walirudi Machakos kuangalia ile ardhi iliyotabiriwa kufa. Kitabu chao cha 1994 kilionyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua, kwa sababu wakulima walichimba matuta, wakapanda miti na wakabadilisha namna ya kufuga. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, hapo wataalamu wa 1938 hawakukosea. Walichokosea ni sababu yake na dawa yake, na hawakumuuliza mwenye ng'ombe.

Ndiyo maana nikisikia mzee wa Kitui au Kajiado akishuku mtu mwenye kalamu na mizani, sioni ujinga hapo. Mashaka yake yana historia.

Twende kwa namba zenyewe. Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, liliundwa 1988. Mkataba wa tabianchi ukafuata 1992, Itifaki ya Kyoto 1997. Nchi zikatakiwa kuripoti gesi zao, na ili uripoti lazima uhesabu. Lakini huwezi kumfunga kila ng'ombe wa dunia kifaa puani. Kwa hivyo IPCC ilitoa miongozo yenye majedwali: kama nchi yako haina vipimo vyake, chukua idadi ya ng'ombe, zidisha na namba iliyo kwenye jedwali la bara lako, umemaliza. Mwongozo wa 2006 uliipa Afrika kilo 31 za methani kwa mwaka kwa kila ng'ombe asiye wa maziwa. Wa Lodwar aliyekondeshwa na kiangazi, 31. Fahali wa Uasin Gishu aliyeshiba, 31.

Hii haikuwa njama, na mwongozo wenyewe unahimiza nchi zitumie namba zao kama zinazo. Shida ni nani alikuwa nazo. Ujerumani ilikuwa inawafungia ng'ombe kwenye vyumba vya kupimia pumzi tangu karne ya 19. Hawakuwa wanajali tabianchi wakati huo. Walijali chakula, kwa sababu methani ni lishe iliyopotea: kati ya asilimia 2 na 12 ya nguvu iliyo kwenye chakula cha ng'ombe huishia hewani badala ya kuwa maziwa au nyama. Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Australia na New Zealand wakawa na miongo ya vipimo vya wanyama wao, waliolishwa vizuri. Sisi tukapewa makadirio.

New Zealand ndiyo nchi ninayotaka tukae nayo kidogo, maana siasa zake zingekuwa Kenya mngesema ni za kwetu kabisa.

Karibu nusu ya gesi joto za nchi hiyo hutoka kwa kilimo, na maziwa ndiyo mgongo wa biashara yake ya nje. Mwaka 2003 serikali ilipendekeza tozo kwa wafugaji, kama dola milioni 8.4 za huko kwa mwaka. Si ya kuwaadhibu, ilikuwa ya kugharamia utafiti wa namna ya kupunguza methani. Magazeti yakaibatiza "kodi ya ushuzi" (tumeshakubaliana hutoka kwa mdomo, lakini magazeti ni magazeti). Wakulima wakaandamana hadi Wellington, na mbunge mmoja akapandisha trekta kwenye ngazi za Bunge. Tozo ikafa. Utafiti haukufa, kwa sababu muungano wa utafiti kati ya serikali na sekta ya mifugo, ulioanzishwa 2002, uliendelea na kazi.

Miaka sita baadaye, Desemba 2009, mkutano wa tabianchi wa Copenhagen ukavurugika. Wakati kila mtu anaomboleza, New Zealand na nchi nyingine kadhaa zilitangaza kando kando kitu kidogo: Muungano wa Kimataifa wa Utafiti wa Gesi Joto za Kilimo. Hati yake ilipitishwa Roma Juni 2011. Leo una zaidi ya nchi 60. Hauna mfuko mkubwa wa pamoja. Kila nchi inaleta watafiti wake na pesa zake, halafu wanagawana mbinu na matokeo. New Zealand na Uholanzi walibeba mifugo, Japani mpunga, Marekani mazao ya shamba. Bajeti ya nani ina pesa na ng'ombe wa nani wana shida? Ukijibu hilo umeelewa orodha hiyo.

Je, New Zealand ilifanya hivyo kwa upendo? Hapana, na hawakujificha. Nchi inayouza maziwa duniani inahitaji dawa ya methani kabla mtu hajaigeuza methani kuwa kikwazo cha biashara. Mimi sioni aibu hapo. Ushirikiano ambao mwenzako anakuambia wazi anachotaka ni rahisi kujadiliana nao kuliko ule wa "tunawapenda tu". Na bado siasa yao haijatulia: walipanga wakulima waanze kulipia gesi hizo mwaka 2025, kisha 2024 sheria ikabadilishwa na kilimo kikaondolewa.

Huko kwenye mikataba mikubwa, kilimo kiliendelea kuzungukwa kama maiti ya nyoka. Nchi zinazoendelea ziliogopa, na kwa haki, kwamba neno "kupunguza" likiingia shambani, mzigo utamwangukia anayelima ekari moja. Neno "kilimo" halimo kwenye Mkataba wa Paris wa 2015. Kuna uzalishaji wa chakula, kuna njaa, kilimo hakuna. Mpaka 2017 ndipo uamuzi wa Koronivia ukakipa kilimo meza yake rasmi.

Sasa tufike nyumbani, pale Kabete. Mwaka 1973 ilianzishwa Nairobi maabara ya kimataifa ya kupambana na ndigana kali na nagana, magonjwa yanayomaliza ng'ombe wetu. Mwaka 1994 iliunganishwa na kituo cha Addis Ababa ikawa ILRI, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo. Muongo uliopita, ILRI na washirika wao, Wajerumani wakiwemo, walijenga hapo Kituo cha Mazingira, chenye vyumba vya kumpimia ng'ombe pumzi kama vile vya Ulaya. Safari hii aliyemo ndani ni zebu, na anakula anachokula kweli.

Matokeo yake ndiyo yanayonifanya niandike uzi huu, kwa sababu hayampi mwanasiasa yeyote ushindi.

Walipima samadi kwenye nyasi za Kenya. Jedwali la 2006 lilisema asilimia 2 ya nitrojeni iliyo kwenye kinyesi cha ng'ombe malishoni hugeuka kuwa oksidi ya nitrasi. Waliyoipata ilikuwa sehemu ndogo tu ya hiyo. Sababu haina uchawi: ng'ombe anayekula nyasi duni ana kinyesi chenye nitrojeni kidogo, na kinaanguka kwenye udongo mkavu. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa ng'ombe wetu alikuwa anabebeshwa mzigo kwa hesabu ya mwenzake aliyeshiba. Ushindi kwa "wanatusingizia", sivyo?

Ngoja. Watafiti hao hao walichunguza maboma, mahali mifugo hulala. Wafugaji wakihama, boma linabaki na tabaka nene la samadi. Mwaka 2020 walichapisha kwamba sehemu hizo hutoa oksidi ya nitrasi kwa wingi, na zinaweza kuendelea hata miaka 40 baada ya boma kuachwa. Jedwali halikuwa limeziona kabisa. Hapo hesabu ya zamani ilikuwa inatupendelea.

Huko Nyando walifanya kazi ya kuchosha ambayo haitawahi kuwa habari ya saa moja jioni: kupima uzito wa ng'ombe wa wakulima wadogo msimu baada ya msimu, maziwa wanayotoa, umbali wanaotembea kutafuta maji, na ubora wa wanachokula. Ng'ombe wa huko hupungua uzito kiangazi na kuurudisha mvua zikija, wakati jedwali huwachukulia kama wanakula sawa mwaka mzima.

Halafu 2020 Idara ya Mifugo ikatoa hesabu ya gesi za ng'ombe wa maziwa wa Kenya kuanzia 1995 hadi 2017, iliyotumia taarifa za ng'ombe wa hapa badala ya jedwali tupu, kwa msaada wa kitaalamu wa washirika wa nje, New Zealand ikiwemo. Wale wale wa trekta. Ni kitabu kikavu, nakiri kurasa nyingine nilizipita mbio, lakini kwangu kina uzito kuliko hotuba zote za tabianchi nilizosikia. Ukikaa mezani na namba yako, mwenzako analazimika kuibishia hiyo, si kukusomea yake.

Kuna mtego kwenye namba hizi, na ndio unaotumika zaidi kwenye mijadala. Shosho wangu ana ng'ombe mmoja, chotara, anayempa lita tano siku ya neema. Ng'ombe wa Uholanzi anaweza kutoa zaidi ya mara tano ya hizo. Ukihesabu kwa kila ng'ombe, yule wa Uholanzi anatoa methani nyingi zaidi kwa sababu anakula zaidi. Ukihesabu kwa kila lita, wa shosho anashindwa vibaya: sehemu kubwa ya anachokula inaisha kwa kumweka hai tu, na methani yote inagawanywa kwa lita chache. Ukihesabu kwa kila binadamu, Kenya inatoa gesi joto kidogo sana. Mwenye kiwanda cha maziwa atachagua lita, mwanaharakati atachagua ng'ombe, waziri atachagua binadamu. Hakuna aliyedanganya hapo.

Hata namba maarufu ya dunia imekuwa ikitembea. FAO ilisema 2006 kwamba mifugo inachangia asilimia 18 ya gesi joto zitokanazo na binadamu. Mwaka 2013 ikasema 14.5. Mwaka 2023 ikasema karibu 12. Mbinu na taarifa zilibadilika, ng'ombe hawakuhama sayari. Mtu akikutajia 18 leo, jua hajasoma kitu kwa karibu miaka ishirini. Na zote ni za dunia. Kwetu, kilimo kinabeba karibu asilimia 40 ya gesi za nchi, kwa sababu viwanda vyetu ni vichache.

Ile hesabu ya lita ina faida moja kubwa. Kinachopunguza methani kwa lita ni kile kile ambacho shosho anataka hata bila tabianchi: nepia ya kutosha kiangazi, chanjo ya ndigana, ndama asiyekufa, ng'ombe anayezaa kila mwaka. Dawa za maabara ni hadithi nyingine. Kuna unga unaoitwa Bovaer, uliokubaliwa Ulaya 2022 na Marekani 2024, unaopunguza methani ya ng'ombe wa maziwa kwa karibu asilimia 30. Kazi nzuri, lakini lazima uchanganywe kwenye chakula kila siku. Nenda ukamchanganyie ng'ombe anayechunga kilomita kumi kutoka Isiolo. Ndiyo maana sikubali hoja ya "si tungoje Wazungu wavumbue, tutanunua". Wanavumbua kwa ajili ya zizi lao, si kwa ajili ya malisho yetu.

Pesa. Hapa ndipo ningependa wanasiasa wetu wabanwe, na hawabanwi. Desemba 2020 Kenya iliahidi kupunguza gesi zake kwa asilimia 32 ifikapo 2030 ikilinganishwa na vile zingekuwa bila hatua yoyote, na sehemu kubwa ya ahadi hiyo inategemea msaada wa nje. Hata upimaji wenyewe kwa sehemu kubwa ni wa wafadhili. Mpango mmoja mkubwa wa utafiti wa tabianchi na kilimo wa mtandao wa CGIAR, uliokuwa na watu wake hapa, ulifika mwisho 2021. Mwaka 2025 Marekani ikaifunga USAID, na maabara za vyuo vikuu vyake zilizokuwa zinashirikiana na watafiti wa Afrika kwenye kilimo zikakatiwa mikataba. Mfadhili akiondoka katikati ya misimu mitatu ya kupima, hubaki na theluthi mbili ya matokeo. Unabaki na ng'ombe waliopimwa bure.

Kisha kuna wale wanaosema Ulaya tayari inatoza kodi ya kaboni kwa maziwa na nyama yetu. Hapana. Ushuru wa kaboni wa mpakani wa Umoja wa Ulaya unagusa saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme na haidrojeni. Ng'ombe hayumo. Lakini Denmark ilikubaliana 2024 kuwatoza wafugaji wake wenyewe kuanzia 2030, krona 300 kwa tani, zikipanda hadi 750 mwaka 2035, pamoja na punguzo kubwa. Mfugaji wa Denmark akianza kulipa, atauliza kwa nini anayemuuzia mwenzake kutoka nje halipi. Sijui mtu wa siasa asiyeweza kuona swali hilo likija. Siku likifika, litajibiwa kwa hesabu za nchi husika, na asiye na zake atazidishiwa kwa jedwali.

Na hesabu ile ya 2020 ilihusu ng'ombe wa maziwa peke yao. Ngamia wa Marsabit, mbuzi wa Turkana na zebu wa Garissa, hao wanaotajwa kwenye kila mkutano wa hadhara kuanzia Kajiado hadi Mandera, hawamo ndani yake.

Maswali wekeni hapo chini, nitajibu jioni nikitoka darasani.